Fosfoinositidi na utoaji wa homoni katika pituitari

Fosfoinositidi ni kundi la lipidi, yaani molekuli za jamii ya mafuta, zinazopatikana kwa kiasi kidogo katika utando wa seli za wanyama, mimea na kuvu. Ingawa ni chache, zina kazi kubwa ya kupitisha ujumbe kutoka nje ya seli hadi ndani. Katika tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, lipidi hizi ni kiungo kati ya amri inayotoka ubongoni na homoni inayomwagwa katika damu.

Iliyo muhimu zaidi katika kazi hiyo huitwa fosfatidilinositoli bisfosfati, kwa kifupi PIP2. Amri ya ubongo inapofika kwenye seli ya pituitari, PIP2 hukatwa vipande viwili, na vipande hivyo huifanya seli imwage homoni. Mfumo huu hautazami tu kama amri imefika, bali pia imefika kwa mpangilio gani. Kwa baadhi ya seli, amri inayokuja kwa vipindi huamsha utoaji wa homoni, na amri ileile ikija mfululizo bila kupumzika huuzima. Jambo hilo limekuwa msingi wa tiba kadhaa, ikiwemo tiba ya saratani ya tezi dume.

Pituitari na amri za ubongo

Kwa mtu mzima, pituitari ina uzito wa takriban nusu gramu na ukubwa unaokaribia punje ya mbaazi. Imekaa katika kishimo cha mfupa kwenye sakafu ya fuvu. Ina sehemu mbili kuu. Sehemu ya nyuma ni mwendelezo wa ubongo wenyewe: huhifadhi na kutoa oksitosini na vasopresini, homoni zinazotengenezwa na seli za neva za haipothalamasi. Makala hii inahusu zaidi sehemu ya mbele, ambayo hutengeneza homoni zake yenyewe. Homoni kuu za sehemu hiyo ni sita:

1. homoni ya ukuaji (GH);
2. prolaktini, inayochochea utengenezaji wa maziwa;
3. TSH, inayochochea tezi ya dundumio (thairoidi) shingoni;
4. ACTH, inayochochea tezi za adrenali zilizo juu ya figo;
5. LH na
6. FSH, ambazo huongoza kazi za ovari na korodani.

Sehemu ya mbele hupokea amri kutoka haipothalamasi kupitia mishipa midogo ya damu inayoshuka kwenye shina la tezi. Amri hizo nazo ni homoni, nyingi zikiwa minyororo mifupi ya asidi amino. TRH ina asidi amino 3 tu, na GnRH ina 10. Hutolewa kwa kiasi kidogo sana, lakini kwa kuwa mishipa hiyo ni mifupi na huelekea moja kwa moja kwenye pituitari, hufika kabla hazijachanganyika na damu yote ya mwili.

Homoni za namna hii haziwezi kupenya utando wa seli. Zinafika mlangoni na kuishia hapo. Ndiyo sababu seli inahitaji njia ya kupokea habari kwa nje na kuitangaza ndani. Homoni inayofika kwenye utando huitwa mjumbe wa kwanza, na molekuli zinazozaliwa ndani kwa sababu yake huitwa wajumbe wa pili.

Muundo wa lipidi hizi

Utando wa seli umejengwa kwa tabaka mbili za fosfolipidi zilizogusana, na unene wake wote ni karibu nanomita 5. Kila fosfolipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili ya asidi za mafuta inayokimbia maji. Vichwa hutazama nje na ndani ya seli, na mikia hujificha katikati.

Katika fosfatidilinositoli, kichwa kina inositoli, ambayo ni molekuli yenye umbo la pete la kaboni sita, jamaa wa karibu wa sukari. Vimeng'enya vinavyoitwa kinesi huweza kuongeza vikundi vya fosfati kwenye pete hiyo katika nafasi ya 3, 4 au 5. Kwa kuchanganya nafasi hizo hupatikana fosfoinositidi 7 tofauti. PIP2 inayozungumziwa hapa ina fosfati katika nafasi ya 4 na ya 5. Hutengenezwa kwa hatua mbili: kinesi moja huweka fosfati nafasi ya 4, kisha nyingine huweka nafasi ya 5.

PIP2 hukaa hasa katika tabaka la ndani la utando wa nje wa seli, na ni takriban asilimia 1 tu ya fosfolipidi za utando huo. Uchache huo una maana: akiba ndogo inaweza kupungua na kujazwa upya kwa haraka, hivyo mabadiliko yake yanatambulika kama ishara.

Jinsi ujumbe unavyopita

Mfano mzuri ni seli ya gonadotrofi, ambayo hutoa LH na FSH inapoamriwa na GnRH. Hatua zake ni hizi:

1. GnRH hujishika kwenye kipokezi chake, ambacho ni protini inayopita utando mara saba.
2. Kipokezi hubadili umbo na kuamsha protini ya jirani upande wa ndani, iitwayo protini ya G ya aina ya Gq.
3. Protini hiyo huamsha kimeng'enya kinachoitwa fosfolipesi C.
4. Fosfolipesi C huikata PIP2 kati ya kichwa na mikia. Kichwa kinakuwa inositoli trisfosfati (IP3), na mikia pamoja na gliseroli yake inakuwa diasilgliseroli (DAG).
5. IP3 huyeyuka katika maji ya seli, husafiri hadi kwenye retikulamu ya endoplazimu, na kufungua mifereji inayotoa ioni za kalsiamu zilizohifadhiwa humo.
6. DAG hubaki kwenye utando, kwa kuwa mikia yake haipendi maji. Hapo huvuta na kuamsha kimeng'enya kinachoitwa protini kinesi C, mara nyingi kwa msaada wa kalsiamu ileile iliyoachiliwa na IP3.

Kwa hiyo molekuli moja ya mafuta hutoa wajumbe wawili: mmoja anaondoka, mwingine anabaki. Kazi zao hukutana tena mwishoni.

Kalsiamu inafaa kwa kazi hii kwa sababu seli iliyotulia huiweka chini sana. Ndani ya seli kiwango cha kalsiamu huru ni karibu mara 10,000 chini ya kile cha nje. Nyongeza ndogo tu hujulikana mara moja, kama vile mshumaa unavyoonekana katika chumba chenye giza.

Kumwagwa kwa homoni

Homoni hazielei ovyo ndani ya seli. Zimefungwa katika vifuko vidogo vilivyozungushiwa utando wake. Ili homoni itoke, utando wa kifuko lazima uungane na utando wa nje wa seli, kisha yaliyomo yamwagike nje. Tendo hilo huitwa eksositosisi.

Muungano huo hufanywa na protini ziitwazo SNARE. Baadhi zipo kwenye kifuko na nyingine kwenye utando wa nje, nazo husokotana kama nyuzi za kamba na kuzivuta tando mbili mpaka ziungane. Protini nyingine, sinaptotagmini, huhisi kalsiamu na kutoa ruhusa ya mwisho. James Rothman, Randy Schekman na Thomas Südhof walipata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2013 kwa kueleza mfumo wa usafirishaji kwa vifuko.

Hapa PIP2 ina kazi ya pili, tofauti na ile ya kukatwa. Ikiwa bado nzima, hutumika kama alama kwenye utando inayoonyesha mahali pa kifuko kutia nanga. Sinaptotagmini na protini nyingine iitwayo CAPS hujishika kwenye PIP2. Katika miaka ya 1990 majaribio ya seli za PC12, zilizotoka katika uvimbe wa tezi ya adrenali ya panya, yalionyesha kwamba vifuko haviwi tayari kumwaga yaliyomo mpaka PIP2 itengenezwe kwanza. DAG nayo husaidia protini ziitwazo Munc13, ambazo huandaa SNARE kwa ajili ya kuungana.

Hivyo lipidi ileile ni malighafi ya ujumbe na pia ni sehemu ya gati ambapo mzigo hushushwa. Seli ikiikata yote bila kutengeneza nyingine, ujumbe hukatika na gati huharibika. Ndiyo maana seli hujaza akiba yake wakati wote.

Tofauti kati ya seli na seli

Si kila seli ya pituitari hutegemea PIP2 kwa kiwango kimoja. Njia nyingine kubwa hutumia mjumbe wa pili aitwaye AMP ya mzunguko (cAMP), ambaye hatokani na lipidi.

* Seli za gonadotrofi (LH na FSH) huamriwa na GnRH kupitia PIP2. Katika seli za panya, kalsiamu hupanda na kushuka kwa mawimbi, na kila wimbi hufuatana na kumwagwa kwa vifuko.
* Seli za thairotrofi (TSH) huamriwa na TRH kupitia PIP2.
* Seli za laktotrofi (prolaktini) huchochewa na TRH kupitia PIP2, lakini kwa kawaida huzuiwa na dopamini ya haipothalamasi. Dopamini hupunguza cAMP na kuzuia kalsiamu kuingia. Mtoto anaponyonya, dopamini hupungua na prolaktini hupanda.
* Seli za kotikotrofi (ACTH) huamriwa na CRH kupitia cAMP, na pia na vasopresini kupitia PIP2. Amri hizo mbili zikifika pamoja, ACTH inayotolewa huzidi jumla ya ile ambayo kila moja ingetoa peke yake.
* Seli za somatotrofi (homoni ya ukuaji) huamriwa hasa na GHRH kupitia cAMP. Ghrelini, homoni itokayo tumboni wakati wa njaa, huzichochea kupitia PIP2, na somatostatini huzizuia.

Katika seli za laktotrofi mwitikio wa TRH una awamu mbili. Awamu ya kwanza huanza ndani ya sekunde chache na ni fupi: kalsiamu hutoka katika akiba ya ndani kwa sababu ya IP3. Awamu ya pili hudumu zaidi: mifereji ya utando wa nje hufunguka, na kalsiamu huingia kutoka nje ya seli.

Umuhimu wa vipindi

Haipothalamasi haitoi GnRH mfululizo. Huitoa kwa mapigo. Kwa mwanamke aliye katika nusu ya kwanza ya mzunguko wa hedhi, pigo moja huja takriban kila dakika 60 hadi 90. Baada ya yai kutoka, mapigo huwa ya taratibu zaidi. Mapigo ya haraka hupendelea utengenezaji wa LH, na ya taratibu hupendelea FSH.

Mwaka 1978 Ernst Knobil na wenzake huko Pittsburgh, Marekani, walichapisha jaribio lililoweka wazi jambo hili. Walitumia tumbili wa aina ya rhesus ambao haipothalamasi yao iliharibiwa ili isitoe GnRH. Walipowapa GnRH kwa dakika 6 katika kila saa, LH na FSH zilirudi. Walipowapa GnRH bila kukatiza, homoni hizo zilishuka. Waliporudia mapigo ya kila saa, zilipanda tena.

Sababu zipo ndani ya seli. GnRH inapokuwapo muda wote, vipokezi vingi huvutwa kutoka kwenye utando na kupelekwa ndani. Katika seli zilizooteshwa maabara imeonekana pia kwamba mifereji inayofunguliwa na IP3 hupungua, hivyo kalsiamu inayoachiliwa huwa kidogo. Pumziko kati ya pigo na pigo huipa seli nafasi ya kurudisha vipokezi, kujaza kalsiamu katika akiba na kutengeneza PIP2 mpya.

Kuzima ujumbe na kurudisha lipidi

Ujumbe usiozimwa hauna maana. IP3 huondolewa fosfati moja baada ya nyingine mpaka ibaki inositoli tupu. DAG hugeuzwa kuwa asidi ya fosfatidi. Pampu hurudisha kalsiamu katika akiba au huitoa nje ya seli. Kisha inositoli na asidi ya fosfatidi, ambayo kwanza huunganishwa na nukleotidi iitwayo CTP, hutumika kujenga fosfatidilinositoli upya kwenye retikulamu ya endoplazimu. Lipidi hiyo hupelekwa kwenye utando wa nje na kuongezewa fosfati tena. Mviringo huo huitwa mzunguko wa fosfatidilinositoli.

Lithiamu, dawa inayotumiwa kutibu ugonjwa wa akili wa hisia mbili zinazopishana, huzuia kimeng'enya kinachoondoa fosfati ya mwisho kwenye inositoli. Wanasayansi walipendekeza kwamba huenda dawa hiyo hufanya kazi kwa kupunguza inositoli katika seli za ubongo, lakini maelezo hayo yangali na mjadala.

Historia ya utafiti

Mwaka 1953 Mabel Hokin na Lowell Hokin waliweka vipande vya kongosho la njiwa katika maji yenye fosforasi ya mnururisho. Walipoongeza asetilikolini, inayochochea kongosho kutoa vimeng'enya, fosforasi hiyo iliingia kwa wingi katika fosfolipidi. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza kwamba lipidi za utando si ukuta tu.

Mwaka 1975 Robert Michell wa Birmingham, Uingereza, alikusanya matokeo ya tafiti nyingi na kupendekeza kwamba kuvunjika kwa lipidi hizi kunahusiana na kupanda kwa kalsiamu. Huko Kobe, Japani, Yasutomi Nishizuka na wenzake waligundua protini kinesi C na kuonyesha kwamba huamshwa na DAG. Mwaka 1983 Michael Berridge wa Cambridge, pamoja na wenzake wa Uingereza na Ujerumani, walionyesha kwamba IP3 huachilia kalsiamu kutoka akiba ya ndani ya seli za kongosho. Mwaka huohuo ilichapishwa kwamba TRH huvunja PIP2 ndani ya sekunde chache katika seli za GH3, zilizotoka katika uvimbe wa pituitari ya panya. Berridge na Nishizuka walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Lasker mwaka 1989.

Amri zenyewe zilitambuliwa mapema zaidi. Roger Guillemin na Andrew Schally, wakishindana katika maabara tofauti za Marekani, walichambua haipothalamasi za kondoo na nguruwe kwa maelfu mengi kutoka machinjioni ili kupata TRH na GnRH kidogo sana. Walishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1977 pamoja na Rosalyn Yalow.

Matumizi katika tiba

Saratani ya tezi dume mara nyingi hukua kwa kutegemea testosteroni. Dawa kama goserelini na leuprorelini hufanana na GnRH lakini hukaa mwilini kwa muda mrefu. Zikidungwa kwa namna ya kutolewa polepole, pituitari hupokea amri isiyo na pumziko, hunyamaza, na testosteroni hushuka sana ndani ya wiki 3 hadi 4 hivi.

Kabla ya kunyamaza, seli huitikia kwanza kama kawaida: PIP2 hukatwa, kalsiamu hupanda, LH humwagwa. Kwa hiyo katika siku za mwanzo testosteroni hupanda badala ya kushuka. Kwa mgonjwa ambaye saratani imefika kwenye uti wa mgongo, kipindi hicho kinaweza kuongeza maumivu ya mifupa, au hata kubana neva na kusababisha udhaifu wa miguu. Ndiyo sababu madaktari huweza kumpa kwanza dawa nyingine inayozuia testosteroni kufanya kazi. Mgonjwa aliyeanza sindano hizi akihisi miguu inaishiwa nguvu au akashindwa kukojoa, anapaswa kurudi hospitali mara moja.

Dawa za jamii hiyo hutumika pia kusimamisha balehe inayokuja mapema mno kwa watoto, na kutibu endometriosisi. Kinyume chake, watu wasiotengeneza GnRH, kama wenye ugonjwa wa Kallmann, wanaweza kupewa GnRH kwa pampu ndogo inayotoa mapigo, nao wakaweza kupata watoto. Dawa ni ya aina moja. Kinachobadilika ni mpangilio wa muda.

Matumizi katika ufugaji

Kwa ng'ombe, sindano ya GnRH hutumika kuchochea yai litoke kwa wakati uliopangwa, ili uhimilishaji ufanyike bila kusubiri dalili za joto.

Kambare wa Afrika, anayefugwa sana Afrika Mashariki, kwa kawaida hatagi mwenyewe akiwa kizuizini. Katika vituo vya kuzalisha vifaranga hutumika njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua pituitari ya kambare mwingine aliyekomaa, kuisaga katika maji ya chumvi na kumdunga jike. Njia hii humpa homoni iliyokwisha kutengenezwa, hivyo haipitii pituitari yake. Ya pili ni kumdunga kemikali inayofanana na GnRH pamoja na dawa inayozuia dopamini, kwa kuwa kwa samaki hao dopamini hukandamiza utoaji wa LH. Hapo pituitari ya jike mwenyewe ndiyo inayoamshwa. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25 za selsiasi, mayai huwa tayari kukamuliwa baada ya takriban saa 10 hadi 12.